Barua ya wazi: Barua za mimea zilizotoka Unguja zisomwe Unguja, kwa Kiswahili

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya elimu, Zanzibar
Waziri mwenye dhamana ya maliasili, Jamhuri ya Muungano
Wasimamizi wa Nyaraka za Taifa, Kilimani
Nakala: Wadhamini wa Bustani ya Kew, London

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Kwa desturi ya barua za serikali ningeanza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", lakini hii inasomwa na wengi, kwa hiyo bora nijieleze.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli ya sekondari hapa Unguja. Siandiki kudai kupandishwa daraja wala kulalamikia maabara, ingawa hilo la maabara lingestahili barua yake peke yake. Naandika kuhusu karatasi. Zilitoka kisiwani kwetu kwa meli kati ya mwaka 1866 na 1886, zikafika London, zikafungwa majalada, na humo zimo habari za misitu yetu na watu wetu wa wakati ule. Wanafunzi wangu hawawezi kuzisoma. Hata maofisa wa misitu niliowahi kuwauliza hawakujua kwamba zipo.

Aliyeziandika ni Dk. John Kirk. Katika somo la historia jina lake hutajwa kwa tukio moja: tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, soko la Mkunazini likafungwa, na Kirk ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza aliyembana mpaka akasaini. Baada ya hapo wanafunzi wanafunua ukurasa mwingine. Kinachoachwa ni kwamba huyu alikuwa daktari aliyesomea Edinburgh, mtu wa mimea kwa moyo wake wote, na kwamba meza ile ile iliyotoa barua za kumtisha Sultani kwa manowari ndiyo iliyotoa barua za mbegu, mizizi na matawi makavu kwenda kwa Joseph Hooker, mkurugenzi wa Bustani ya Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza.

Kirk hakuwa peke yake. Kew wanazo barua walizoandikiwa wakurugenzi wao tangu mwaka 1841 mpaka 1928, majalada 218. Waandishi ni mabalozi wadogo, wamisionari, madaktari wa jeshi, manahodha, wafanyabiashara, wake za magavana. Enzi ya Malkia Victoria ilikuwa na watu wa namna hii kila bandari, na wengi hawakulipwa hata senti kwa kazi hiyo. Walilipwa kwa njia nyingine: jina lao kupachikwa kwenye jina la mmea, mbegu za nchi nyingine kuletwa kwao, na neno zuri kusemwa kwa niaba yao London pale nafasi ya kazi ilipotokea.

Utaratibu wenyewe ni muhimu kuuelewa, kwa sababu ombi langu limesimama juu yake. Mkusanyaji hukata tawi lenye ua na ikiwezekana tunda, hulilaza kati ya karatasi za kunyonya maji, hulibana kwa mbao na mikanda, halafu hubadilisha karatasi siku baada ya siku mpaka likauke. Mtu wa Pemba aliyewahi kuanika karafuu wakati wa mvua za vuli anaijua vizuri hasira ya kazi hiyo. Kila tawi hupewa namba. Kipande kimoja hubaki kwake, kingine huenda Kew na namba ile ile, na barua hufuatana nacho: namba fulani ni mti wa urefu gani, umekutwa wapi, maua yalikuwa rangi gani kabla hayajakauka, watu wa mahali pale wanauitaje na wanautumia kwa kazi gani. Baada ya miezi hurudi jibu: namba fulani ni mmea fulani kwa Kilatini. Tawi lenyewe, likishakauka, haliwezi kusema chochote juu ya rangi, harufu wala mahali. Yote hayo yako kwenye barua na kwenye kibandiko chake.

Mimea hai ilisafiri kwa chombo kingine. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona jani changa limechipua ndani ya chupa iliyofungwa, likaendelea kuishi bila kumwagiliwa, kwa sababu unyevu uliopanda juu ya kioo ulirudi chini tena. Akatengeneza sanduku la kioo na mbao, na mwaka 1833 masanduku mawili yalipelekwa Sydney juu ya sitaha ya meli, mimea ikafika salama. Aliyemsaidia Ward alikuwa mfanyabiashara wa miche aitwaye Loddiges, na ndiye huyo huyo ambaye mwaka ule wa 1829 alikuwa amechapisha maelezo ya mmea mmoja wa pwani yetu, wenye majani mazito yanayong'aa, ambao leo unaitwa Zamioculcas zamiifolia. Waheshimiwa, tazameni pembeni mwa makochi ya wageni ofisini mwenu. Upo uwezekano mkubwa umo kwenye chungu, umenunuliwa kwa bei nzuri, na aliyeuuza anaamini umetoka Uholanzi.

Nirudi kwa Kirk. Kabla ya Unguja alikuwa kwenye msafara wa Livingstone katika mto Zambezi, kuanzia 1858 hadi 1863. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, daftari na michoro yake ya mimea ikaenda na maji, yeye akaponea chupuchupu. Katika safari hizo, upande wa mto Shire, aliwakuta wawindaji waliopaka mishale sumu iliyoitwa kombe. Akachukua sampuli, akaiweka kwenye mfuko mmoja na mswaki wake. Asubuhi moja akaona mswaki umekuwa mchungu, na alipojipima mapigo ya moyo akayakuta yamepungua. Yeye ni daktari, akaelewa mara moja kwamba kitu hicho kinashika moyo. Mmea ulipewa jina la Strophanthus kombe, Thomas Fraser wa Edinburgh akauchunguza, ikapatikana dawa ya moyo iliyotumiwa Ulaya kwa miaka mingi. Kisa hiki husimuliwa kama ajali ya mswaki. Mimi nakisimulia darasani tofauti kidogo: kabla mswaki haujawa mchungu, palikuwa na watu walioujua mmea, wakajua sehemu ya kutumia, wakajua namna ya kuuandaa mpaka umwangushe mnyama na nyama yake bado iliwe. Kirk aligundua alichoonjeshwa.

Kisha kuna sandarusi, gamu ngumu ya mti, na hapa naomba mnivumilie, maana hili ni la kwetu hasa.

Katika karne ya 19 sandarusi ya Zanzibar ilikuwa bidhaa kubwa. Ilipakiwa kwenda Salem huko Marekani, Hamburg na London, ikayeyushwa kuwa vanishi ya kung'arisha mabehewa ya farasi na samani. Ilichimbwa ardhini Mrima, ng'ambo ya visiwa vyetu. Wanunuzi wa Ulaya hawakujua kwa hakika inatoka kwenye nini. Vipande vilivyochimbwa vilikuwa vigumu, vina vipele vidogo juu ya ngozi yake, na sehemu vilikochimbwa mara nyingi hapakuwa na mti wowote wa kufanana navyo. Kirk alifuatilia suala hilo hapa hapa. Alikusanya vipande vya kuchimbwa vilivyonasa majani na maua ndani yake, akakusanya matawi ya msandarusi uliokuwa bado unaota pwani, akaviweka pamoja na kuwaandikia wataalamu wa London: mti ni ule ule, ila misitu iliyotoa sandarusi ya ardhini ilikwisha kutoweka zamani. Maelezo yake yalichapishwa na Chama cha Linnaeus, chama cha wanasayansi cha London, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Leo mti huo unaitwa Hymenaea verrucosa kwa Kilatini.

Lakini jiulizeni, mgeni aliyefika 1866 alijuaje kutofautisha gamu ya mtini na ya ardhini? Wachimbaji na wapimaji wa forodhani walikuwa na daraja zao zamani. Gamu mbichi ya mtini waliita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Sandarusi halisi ni ile ya kuchimbwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walilichukua hilo neno chakazi wakaliharibu mpaka likawa jina la punda kwa lugha yao, wakaliandika hivyo kwenye orodha za bei. Ujuzi wa wachimbaji ndio uliokuwa msingi wa swali alilolijibu Kirk. Yeye alileta ushahidi, na ushahidi una heshima yake, sikatai. Ila ukisoma historia ya kisayansi ya sandarusi utamkuta Kirk na mabishano ya wasomi wa Ulaya, huku waliokuwa na jembe mkononi wakiwa ni "wenyeji" tu.

Hata Sultani mwenyewe hakusalimika. Miaka ya mwanzo ya 1880 Kirk alipeleka Kew ua dogo zuri la rangi, na mwaka 1882 Hooker akalichapisha katika jarida la mimea alilokuwa akilihariri, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ndiye Barghash. Likapendwa. Leo linajaza vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani kila kiangazi. Baadaye wataalamu wakaona kwamba ni spishi ile ile ambayo Hooker huyo huyo alikuwa ameipa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller, mtu wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Kanuni inasema jina la mwanzo ndilo linalobaki. Kwa hiyo aliyejenga Beit al-Ajaib akapisha, mmisionari akakaa. Hakuna aliyefanya hila, ni kanuni. Lakini mtoto wa Zanzibar ambaye hajaisoma barua wala jarida hawezi hata kujua kwamba kiti kiliwahi kuwa chetu.

Naweza kuulizwa: mbona unamsema Kirk kama rafiki na kama mshtakiwa kwa pamoja? Kwa sababu alikuwa ofisa wa dola. Kew ya akina Hooker haikuwa mahali pa kutembelea Jumapili tu. Mwaka 1876 ilipokea mbegu zipatazo 70,000 za mpira zilizotolewa Brazil na Henry Wickham, zikaota kama 2,700, miche ikapelekwa Ceylon na kufika Singapore, na mashamba yaliyozaliwa huko ndiyo yaliyokuja kuua biashara ya mpira wa mwituni, ukiwemo wa mitambaazi ya pwani yetu ambayo Kirk mwenyewe aliitangaza kwa bidii na mmoja wao ukaitwa Landolphia kirkii. Taarifa za mimea zilikuwa taarifa za mali. Na mwaka 1886, Kirk alipokuwa akifunga mizigo yake Zanzibar, Uingereza na Ujerumani zilikaa mezani zikampimia Sultani ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Anayezisoma barua za mimea bila kuyakumbuka hayo anasoma nusu.

Na kweli ni nusu, kwa maana ya kushikika kabisa. Kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza za miaka ile zipo Kilimani, umbali mfupi tu kutoka kwenye nyumba yake ya Mbweni. Humo mna mikataba, kesi, misafara, bei, migogoro ya forodha. Barua za mimea ziko Kew. Karatasi zake binafsi ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mkono mmoja, wino mmoja, pengine siku moja, lakini mwanahistoria wa siasa anasoma fungu moja na mwanabotania anasoma jingine. Hakuna mahali pazuri pa kuzikutanisha zaidi ya Unguja, maana hapa ndipo zilipoandikwa, na hapa wapo watu wanaoweza kusoma jina la kijiji lililoandikwa kwa sikio la Kiskoti wakajua ni wapi.

Kuna mfano mwingine ambao hunikera kila nikiukumbuka. Mwaka 1887 mmisionari wa Mombasa, W. E. Taylor, alikusanya mimea Giriama na milima ya Shimba, akaipeleka London. Ndani yake mlikuwamo ua la zambarau lenye majani ya manyoya. Kirk naye alikwisha kupeleka la jamii hiyo mwaka 1884. Vielelezo havikutosha kulipa jina, vikalazwa. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, akalikuta Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, na mwaka 1893 likatangazwa kwa jina la Saintpaulia. Sasa ni moja ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani, na Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara.

Basi huyo Taylor ndiye yule yule tunayemjua watu wa lugha. Ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji yasipotee. Na katika kazi ile ya mashairi tunajua nani alimsaidia: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mjuzi wa Mombasa aliyeyakumbuka mashairi na kumfafanulia. Jina lake limeandikwa na linaheshimiwa. Njoo upande wa mimea: Taylor. Peke yake. Kana kwamba alipanda Shimba bila kiongozi wa njia, bila mtu wa kubeba mbao na karatasi, bila mtoto wa kumwambia kwamba ua lile huota penye kivuli na mawe ya maji. Mtu mmoja, nchi moja, miaka ile ile. Kwenye ushairi alimtaja mwalimu wake. Kwenye sayansi hapakuwa na mstari wa kujaza jina hilo.

Mstari huo ndio ninaouomba.

Kutotajwa kulikuwa na gharama yake. Huko Bolivia, Manuel Incra Mamani alimtafutia Mwingereza Charles Ledger mbegu za mkwinini, mti wa dawa ya malaria, ulio bora kuliko wote, zikauzwa kwa Waholanzi mwaka 1865, zikazaa mashamba ya Java. Mamani alikamatwa kwa kosa la kutoa mbegu nje, akapigwa, akafa kutokana na mateso hayo. Mti ukaitwa Cinchona ledgeriana. Kwa bahati jina la Mamani lilibaki kwenye kumbukumbu za Ledger, ndiyo maana leo tunaweza kulitaja. Wa kwetu wengi hawakupata hata bahati hiyo, na baadhi yao, tukumbuke ni Zanzibar ya wakati gani, walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kubeba mizigo ya misafara ya kisayansi.

Si kila mahali jina limepotea, lakini. James Grant, aliyeondoka Unguja na Speke mwaka 1860, alikwama Karagwe kwa miezi kwa sababu ya kidonda cha mguu, na alikusanya mimea ya njia nzima akiandika pia matumizi yake kwa watu. Maelezo ya mimea hiyo yalichapishwa kati ya 1872 na 1875. Speke naye aliorodhesha watu wa msafara kwa majina mwishoni mwa kitabu chake, akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Orodha ya watu iko kitabu kimoja, orodha ya mimea kitabu kingine, na vielelezo viko kabatini. Kuziunganisha ni kazi ya wiki chache kwa kijana mwenye kompyuta na subira.

Sasa niseme ninachokitaka, ili nisije nikaeleweka vibaya. Sidai majani makavu yarudishwe. Najua wapo watakaonicheka kwa hilo, na wapo watakaoniita msaliti. Lakini hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, inataka ubaridi, ukavu, dawa ya wadudu na wataalamu wanaolipwa mishahara kila mwezi, na sisi hata ile tuliyokuwa nayo Amani, Usambara, iliyoanza mwaka 1902 chini ya Wajerumani, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na haijarudi. Tena kuwa na kitu mahali pamoja ni hatari popote pale. Kuanzia 1889 Ujerumani iliamuru makusanyo ya safari zilizolipiwa na serikali yapelekwe Berlin kwanza, na sehemu kubwa ya mimea ya Tanganyika ya wakati wa Mjerumani ikawa huko. Usiku wa Machi 1 mwaka 1943 mabomu yakaangukia hebaria ya Berlin, ikaungua. Vielelezo vya kwanza kabisa vya spishi nyingi za nchi yetu viliteketea, na kilichookoa baadhi ni nakala zilizokuwa zimegawiwa miji mingine. Nataka nakala, basi. Nakala nyingi.

Barua za Kew zimekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao wa JSTOR, huduma ambayo taasisi huingia kwa usajili, na muhtasari wake ni wa Kiingereza. Ninaomba Nyaraka za Taifa na Kew wakubaliane barua zote zilizotoka Zanzibar na pwani katika miaka ya Kirk ziandikwe upya kwa herufi za kuchapa, neno kwa neno, zitafsiriwe Kiswahili na ziwekwe wazi kwa kila mtu bila malipo, zikiwa bega kwa bega na barua za ubalozi zilizoko Kilimani. Barua nzima, Waheshimiwa, si muhtasari. Muhtasari hata ukiwa mzuri humtaja mtu anayetafutwa na wengi na kumruka asiyetafutwa na mtu, na mimi namtafuta huyo wa pili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wapo, BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wapo, wastaafu wanaosoma mwandiko wa zamani wapo. Nilipolipeleka wazo hili kwenye ofisi moja ya umma niliambiwa nilete andiko la mradi kwa Kiingereza ili wafadhili waelewe. Nililipeleka. Linaendelea kushughulikiwa, nadhani chini ya mengine.

Kwa Kew nina neno fupi, kwa kuwa nao wamepewa nakala. Mmekuwa mkipiga picha hebaria yenu yote, vielelezo zaidi ya milioni 7, na kila kibandiko kinaingizwa kwenye kompyuta. Kuna sehemu ya jina la mkusanyaji. Ongezeni ya pili, ya waliomsaidia. Pale barua inapotaja jina, jazeni. Pale barua inaposema tu kwamba mtu wa pale alileta ua hili, andikeni kwamba aliletewa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Si sawa na kuacha wazi. Sehemu iliyoachwa wazi inamwambia mwanafunzi kwamba hakukuwa na mtu.

Kwa wizara ya maliasili: vibandiko vya Kirk vina mahali. Alikusanya Dar es Salaam wakati mji ule una miaka michache tu tangu Seyyid Majid auanzishe, na msitu wa pwani ulikuwa bado upo. Anayetaka kujua nini cha kupandwa tena Pugu, au nini kimepungua Jozani na Ngezi, ana kipimo cha miaka 150 hapo, na hakimgharimu safari. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012 kimeeleza spishi 12,104 za nchi zetu tatu, na hakina toleo la Kiswahili hata la juzuu moja. Bwana shamba wa Micheweni hawezi kukitumia. Sisemi kitafsiriwe chote, nisije nikawatia homa watu wa bajeti. Anzeni na mimea mia moja ya visiwani, majina yake kama watu wanavyoyasema Makunduchi na Wete, pamoja na kisa cha kila mmoja kama barua zinavyokisimulia. Kitabu hicho mkikipeleka skulini, nitakifundisha.

Na kwa wizara ya elimu, jambo dogo lisilohitaji mkopo wa benki yoyote: katika mtaala wa bayolojia, mada ya uainishaji wa viumbe hufundishwa kwa mifano ya Ulaya. Ruhusuni tufundishe kwa msandarusi, kwa kombe na kwa ua la Sultani lililobadilishwa jina. Kanuni za kisayansi ni zile zile, na mtihani hautavuja.

Naomba jibu la maandishi. Nitalisoma mbele ya darasa.

Wenu,
Mwalimu wa bayolojia
Mjini Magharibi, Unguja